Malezi ya Vijana wa Mpira na Elimu ya Kukaba: Habari za Morogoro

Mchezo wa mpira wa miguu una elimu mbili. Ya kwanza ni elimu ya mtu aliye na mpira. Ya pili ni elimu ya watu wasio nao. Ya kwanza hupendwa na watazamaji, husifiwa na watangazaji, na kila mtoto huitamani, maana ndani yake mna chenga, pasi, shuti na bao. Ya pili haina wapenzi wengi, kwa kuwa ni elimu ya jasho isiyompa mtu mmoja sifa. Lakini uwanja una mpira mmoja na wachezaji ishirini na wawili. Kwa hiyo kila mchezaji, awe hodari namna gani, huzipitisha dakika nyingi zaidi za mchezo akiwa hana mpira miguuni. Mwalimu afundishaye elimu ya kwanza peke yake amefundisha sehemu ndogo ya kazi.

Katika makala haya nakusudia kuieleza historia ya elimu hii ya pili, khasa sehemu yake iitwayo kukaba kwa pamoja, na kuitazama kutoka Morogoro, mji ambao umewalea wachezaji wengi na kuvuna kidogo. Neno langu ni hili: kukaba kwa pamoja ni tunda la malezi ya pamoja, na tunda hilo halinunuliwi sokoni likiwa limeiva. Ushahidi wake uko ng'ambo, na uko hapa nyumbani pia.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kukaba, katika Kiswahili cha kila siku, ni kumshika mtu kooni hata pumzi zimpungue. Ndiyo maana tuna neno kabali. Wapenzi wa mpira wamelichukua neno hilo na kulipa maana ya kumnyima adui nafasi na wakati. Siku hizi husema pia kukabia juu, yaani kumfuata adui karibu na lango lake mwenyewe, asipate kuuanza mchezo wake kwa raha. Tamko hilo limechaguliwa vizuri, kwa sababu koo la timu ni pale mpira unapotoka kwa mlinda mlango na mabeki wake kwenda mbele. Ukilibana hapo, miguu na mikono ya timu hiyo, hata ikiwa na nguvu, haina itakalofanya.

Lakini mtu akabaye peke yake hakabi, anakimbia tu. Mwenye mpira humpita kwa pasi moja fupi, na mbio zake zote zimekuwa bure. Wanatakiwa watatu angaa. Wa kwanza humwendea mwenye mpira na kumwelekeza upande mmoja. Wa pili huiziba njia ya pasi iliyo karibu. Wa tatu husimama nyuma yao kuilinda nafasi waliyoiacha. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na nashukuru kuwa Manispaa ya Morogoro ina kata iitwayo Mafiga, kwa kuwa jina hilo linatosha kuwa somo la kwanza kwa watoto wanaocheza mpira humo. Likiondoka figa moja, mawili yaliyobaki hayakibebi chungu, hata yawe makubwa. Hali kadhalika, ukaba wa timu huvunjwa na mtu mmoja aliyechelewa.

Elimu hii haina umri mkubwa. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba timu ikipoteza mpira hurudi nyuma na kumngoja adui mbele ya lango lake. Katika miaka ya 1960 walimu wachache walianza kuiacha desturi hiyo. Viktor Maslov, aliyeifundisha Dynamo Kyiv kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, aliwataka wachezaji wake wa kiungo wamwendee mwenye mpira badala ya kumngoja, na timu yake ikatwaa ubingwa wa Muungano wa Kisovieti mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Huko Uholanzi, Rinus Michels aliichukua Ajax mwaka 1965 ikiwa katika hatari ya kushuka daraja. Mwaka 1971 ilikuwa bingwa wa klabu za Ulaya. Kiongozi wa timu ile uwanjani, Johan Cruyff, alikuwa mtoto wa jirani na uwanja, aliyeingia katika malezi ya klabu hiyo akiwa na umri wa miaka 10.

Mwalimu aliyeipa elimu hii utaratibu wa darasani ni Arrigo Sacchi wa Italia, aliyeanza kazi Milan mwaka 1987 na kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990. Sacchi alitaka umbali kati ya mshambuliaji wa mbele na beki wa mwisho usizidi kama meta 25, ili kila mchezaji awe karibu na mwenziwe wa kumsaidia. Wachezaji wake wakubwa, Ruud Gullit na Marco van Basten, walikuwa na shaka juu ya mazoezi hayo. Naye akawajibu kwa jaribio. Aliwapanga watu watano, mlinda mlango Giovanni Galli na mabeki wanne, Tassotti, Baresi, Costacurta na Maldini, wapambane na watu kumi waliopewa ruhusa ya kushambulia wapendavyo, kwa sharti kwamba wakipokonywa mpira waanze tena kutoka nusu yao ya uwanja. Wale kumi walijaribu kwa robo saa bila kupata hata bao moja.

Watu husimulia kisa hiki kuonyesha akili ya Sacchi, na ni haki yake. Lakini mara chache husemwa kwamba katika mabeki wale wanne, watatu, yaani Baresi, Costacurta na Maldini, walikuwa wamelelewa na klabu hiyo hiyo tangu utoto wao wa mpira. Sacchi alikuta udongo uliokwisha kulimwa. Kila mmoja alizijua hatua za mwenziwe kabla hajazipiga. Mwalimu aliwaongezea utaratibu. Kufahamiana walikuwa nako.

Sheria nazo zilisaidia. Mwaka 1992 mlinda mlango alikatazwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mchezaji wa timu yake. Kabla ya hapo beki aliyebanwa alikuwa na kimbilio salama: aliurudisha mpira kwa kipa, naye kipa akaukumbatia. Kimbilio hilo lilipofungwa, faida ya kumfuata adui mpaka langoni kwake iliongezeka sana, na kukabia juu kukaenea duniani.

Sasa turudi nyumbani, tuone kama kanuni hiyo inashika hapa pia. Reli ya Kati ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, na mji uliokaa chini ya milima ya Uluguru ukawa mahali pa kukutania watu wa makabila mengi: wenyeji Waluguru, vibarua wa mashamba ya mkonge, watu wa reli, na baadaye watu wa viwanda. Timu za mpira zilifuata njia hiyo hiyo, na majina yake ni ushahidi: Reli, Tumbaku, Polisi, na huko Turiani, kaskazini mwa mkoa, Mtibwa Sugar, iliyoundwa mwaka 1988 katika kiwanda cha sukari. Haya ni majina ya kazi. Timu ya mahali pa kazi ilikuwa na faida moja kubwa, kwamba mchezaji alikuwa na mshahara wa kumweka mjini, na wenzake wa uwanjani walikuwa wenzake wa kila siku.

Jina moja halikuwa la kazi. Mseto ni chakula cha mchele uliopikwa pamoja na choroko au kunde, na ndilo jina la timu ya Morogoro iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975. Tangu ligi ilipoanza mwaka 1965 ubingwa ulikuwa haujatoka Dar es Salaam. Mseto waliutoa kwa mara ya kwanza. Haikupita tena timu ya mkoa huo mpaka Mtibwa Sugar walipokuwa mabingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Katika hesabu ya zaidi ya nusu karne, mikoa michache sana nje ya Dar es Salaam yaweza kujivunia hayo.

Lakini msingi wa timu za kazi ulitikisika. Katika miaka ya 1990 viwanda kadhaa vya mjini vilidhoofika, vikafungwa au kuuzwa, na mwajiri aliyekuwa akinunua viatu na kulipa nauli ya timu hakuwapo tena. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Mtoto wa miaka hiyo alipoteza kwa mpigo milango miwili ambayo baba yake aliingilia: mlango wa shule na mlango wa kiwanda. Uliobaki ni mlango wa tatu, mchangani, yaani kiwanja cha mtaa, mpira wa matambara au wa ngozi iliyochakaa, na mtu mzima mwenye filimbi asiyelipwa na mtu. Vituo vya malezi vya mjini Morogoro, mathalan Moro Kids, vilikua katika hali hiyo. Watu hao wenye filimbi ndio walioushika mpira wa mji usianguke, nao hawana sanamu wala barabara zenye majina yao.

Tazama mavuno. Mwezi wa Mei mwaka 2017 timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika. Walitoka sare bila bao na Mali, waliokuwa mabingwa mwishoni. Wakaifunga Angola 2 kwa 1. Wakafungwa na Niger 1 kwa 0, wakatoka, na kwa bao hilo wakaikosa safari ya Kombe la Dunia la vijana huko India. Mabao mawili tu ndiyo yaliyoingia langoni mwao katika michezo mitatu. Miongoni mwa mabeki wa kikosi kile walikuwamo Dickson Job, Kibwana Shomari na Nickson Kibabage, vijana watatu ambao Mtibwa Sugar iliwakuza. Timu ile ilikuwa imesafiri pamoja tangu michezo ya kufuzu ya mwaka 2016.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2019, Tanzania ilikuwa mwenyeji wa mashindano hayo hayo. Timu iliyoingia uwanjani mbele ya watu wake ilifungwa na Nigeria 5 kwa 4, na Uganda 3 kwa 0, na Angola 4 kwa 2: mabao kumi na mawili katika michezo mitatu. Mwenyeji hapitii michezo ya kufuzu, na pengine hasara yake ni hiyo. Mapambano magumu ndiyo yanayowafunza vijana kufahamiana. Sisemi kwamba hesabu hii peke yake inathibitisha madai yangu, kwa maana mpira una sababu nyingi. Lakini timu ile iliyofunga mabao manne katika mchezo mmoja na bado ikashindwa haikukosa elimu ya kwanza. Ilikosa ya pili.

Wale mabeki watatu nao wana funzo jingine. Job na Kibwana walitoka Mtibwa wakaenda Yanga. Kibabage alizunguka mpaka Morocco, akarudi nchini, naye akajiunga na Yanga mwaka 2023. Wakakutana tena katika timu moja, mbali na kiwanda cha sukari. Yanga ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, ikaukosa ubingwa mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo mwaka 2025, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Na katika safu yake ya ulinzi alikuwamo Shomari Kapombe, aliyepitia Polisi Morogoro kabla ya kuingia Simba mwaka 2011. Wapinzani wawili wakubwa wa Kariakoo wamejenga kuta zao kwa matofali yaliyochomwa Morogoro. Hilo ni jambo la fahari, na ni jambo la kuuliza pia. Tofali likiuzwa moja moja, mwenye tanuri hubaki na majivu.

Itakuwa vibaya kusifu malezi bila kueleza namna yake. Mtoto wa chini ya miaka kumi asifundishwe kukaba kwa maneno mengi. Achezeshwe wanne kwa wanne katika kiwanja kidogo, na apewe sharti moja tu: timu ikipoteza mpira, wote waukimbilie kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, kisha warudi. Yeye ataona ni mchezo. Mwalimu anajua ni mbegu. Wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na mitatu afundishwe kazi ya wawili na ya watatu, yule wa kwanza, wa pili na wa tatu niliowataja juu, na wabadilishane nafasi kila siku, ili asitokee mtoto ajuaye kazi moja tu. Hapa ndipo afundishwe kumwendea mwenye mpira kwa mkingamo, akiwa amejipinda upande, apunguze mbio anapomkaribia, asijirushe. Wengi wetu tulimsifu mtoto aliyejirusha na kuchafuka tope. Lakini aliyelala chini ameondoka mchezoni.

Wa miaka kumi na minne hadi kumi na sita afundishwe ishara. Kukaba si kukimbia dakika tisini. Jua la Morogoro halina msamaha kwa timu ifikiriayo hivyo. Kukaba ni kungoja kwa subira na kuvamia kwa wakati. Ishara zenyewe ni chache: adui ameupokea mpira vibaya ukamruka, ameupokea akiwa ameupa mgongo uwanja, amerudisha pasi nyuma polepole, au amesogezwa karibu na mstari wa pembeni, ambao ni beki asiyechoka wala kudanganyika. Ikionekana ishara, mmoja apige ukelele mfupi na wote waende. Isipoonekana, wote wakae mahali pao, wakikaribiana. Baada ya umri huo ndipo kijana afundishwe mpango wa timu nzima, pamoja na mstari wa mabeki kupanda na kushuka. Ukimpa mtoto wa miaka kumi somo la kijana wa kumi na saba, utapata ushindi wa mwezi na hasara ya miaka.

Na hapo yafaa kutaja doa. Mwaka 2005 Tanzania ilinyang'anywa nafasi yake katika fainali za Afrika za vijana kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri. Na mwaka 2017 safari ya Gabon ilipatikana baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa shauri la namna hiyo hiyo. Tumeonja mkeka huo pande zote mbili. Mwalimu anayeficha umri hushinda leo kwa nguvu za mtu mzima, na watoto halisi wa timu yake hukosa kujifunza lolote, kwa kuwa mbio za mkubwa mmoja huwafichia makosa yao yote.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, kwamba mtoto asiyekula vizuri hawezi kukaba. Njaa ni hoja ya kweli, na mwalimu asiyeuliza watoto wamekula nini si mlezi. Lakini utaratibu hauhitaji mali kama wanavyodhani. Sharti la kuhesabu mpaka tano halina bei. Wengine watasema mpira ni kipaji, na kipaji hakifundishwi. Nawaomba wawatazame wasichana wa Serengeti Girls, walioingia katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko India mwaka 2022, nchi ile ile ambayo wavulana waliikosa kwa bao moja, wakaifunga Ufaransa 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Vipaji Ufaransa ilikuwa navyo tele.

Kitu ambacho kina bei, na bei yake hupanda kila mwaka, ni ardhi. Mji ukikua, kiwanja cha wazi huonekana kama mahali pasipo na kazi, na hapo hupimwa vibanda na nyumba. Kata kama Mafiga ikikosa mahali tambarare pa watoto, hakuna mwalimu, awe Sacchi mwenyewe, atakayewafundisha kukaribiana. Viongozi wa mitaa wanaolinda visima na makaburi walinde na viwanja, kwa maandishi, kabla shauri halijafika kwa mwenye fedha.

Jambo la mwisho ni dogo kwa umbo na kubwa kwa matokeo. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji akihamishwa kwa malipo kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya fedha hizo igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Anayedai fungu hilo hutakiwa aonyeshe kwamba mtoto alisajiliwa kwake, tangu lini hadi lini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kituo cha mtaani chenye filimbi na mipira miwili kiwe pia na daftari: jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa kwa cheti, siku aliyoingia, shule yake, na siku aliyoondoka, kisha kijisajili kama kanuni zinavyotaka, maana daftari lisilotambuliwa ni karatasi tu. Daftari hilo litazuia udanganyifu wa umri, litamrudishia mlezi jasho lake, na litawapa wanahistoria wa kesho habari ambazo sisi wa leo tunazitafuta kwa kuuliza wazee vibarazani.

Morogoro haikosi vijana, na haijapata kuwakosa. Inachohitaji ni kuwaweka pamoja kwa muda wa kutosha, mahali palipo pao, chini ya mtu anayeijua kazi na anayeandika. Chungu hakiivi kwa sababu moto ulikuwa mkali kwa dakika tano. Huiva kwa sababu mafiga yalikaa.